Mkadiriaji na Bei ya Majitaka

Mtu akitaja bei mbele ya Mkadiriaji, bei yoyote, ya saruji, ya ng'ombe au ya kunyoa nywele, yeye huuliza kwanza: "Wapi?" Ukimjibu Kasese, mji wetu huku, anataka kujua Kasese ipi, ya karibu na stesheni ya zamani au ya upande wa Rukoki. Ukimjibu Ujerumani, anajipapasa kama mtu anayetafuta koti, kisha anakuuliza kama huko ardhi inaganda. Nilifanya kazi naye miaka tisa nikiwa mchoraji wa ramani, na sikuwahi kumwona akiipokea tarakimu kabla ya kujua imetoka wapi.

Kwa wasioijua kazi hii: mkadiriaji majenzi ni mtu anayesema jengo litagharimu kiasi gani kabla halijajengwa. Wengine hukadiria shule, wengine barabara. Yeye alichagua kitu ambacho wengi hawapendi kukitaja wakila, mitambo ya kusafisha majitaka. Ni pale ambapo maji ya vyoo, ya bafu na ya jikoni ya mji mzima hupelekwa ili yakitoka yaweze kurudi mtoni bila kumdhuru mtu. Mkadiriaji alitaka kujua kwa nini mtambo wa aina moja, wa kuhudumia watu wale wale kwa idadi, hujengwa kwa bei moja India, bei nyingine Moroko, na bei ya kutisha kule kwenye theluji. Alikusanya nyaraka za zabuni kutoka nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Zilijaza chumba kizima nyumbani kwake Rukoki, na mgeni wa kulala aliwekewa godoro sebuleni kwa sababu chumba cha wageni kilikuwa cha Brazili na wenzake.

Vijana wa bodaboda pale njia panda walimwita Waziri wa Choo. Walilisema jina hilo wazi, tena kwa heshima ya namna fulani, na yeye alilipokea.

"Waziri, leo serikali inasemaje?"

"Inasema muendelee kula vizuri. Mkiacha, mimi sina kazi."

Hapo wanacheka, naye anapanda, na anayembeba hamtozi bei ya mgeni.

Na bado mwanamke huyu hakuweza kuvumilia harufu. Alitembea na leso yenye majani ya mkaratusi yaliyopondwa, na tulipokuwa tukikagua mashimo aliishika puani mkono mmoja huku mkono mwingine ukiandika. Nilimuuliza siku moja aliwezaje kuipenda kazi hii. Akaniambia hakuipenda kazi, aliwapenda watu wanaokaa upande wa chini wa bomba. Halafu akaniomba nisogee, namzibia upepo.

Nilichokistaajabia zaidi kwake kilikuwa macho. Niliwahi kumpelekea picha iliyokatwa kwenye gazeti la zamani, bila maelezo, ikionyesha matangi fulani ya zege na jengo dogo pembeni. Akaitazama kwa muda wa kumenya ndizi moja. Akasema hapa baridi ni kali, maana matangi yamefunikwa na mlango wa lile jengo umeinuliwa ili theluji isiuzibe. Mishahara ni mikubwa, maana hakuna mtu hata mmoja kwenye picha, kila kitu kinafanywa na mashine. Ardhi ni ghali, maana wamejenga kwenda juu badala ya kutanua. Na aliyelipa hakuwa mji wenyewe, maana uzio ni mzuri kuliko mtambo, kama wafadhili wanavyopenda. Baadaye nilipata gazeti zima nikasoma maelezo. Alikosea jambo moja tu: uzio ulijengwa miaka mingi baada ya mtambo.

Alinifundisha kulinganisha, na sasa ninawafundisha wanafunzi wangu wa chuo cha ufundi vivyo hivyo, kwa hiyo nivumilie nieleze. Ukitaka kulinganisha bei za nchi mbili, jambo la kwanza linalokujia ni kuzigeuza zote kuwa dola. Mkadiriaji alisema hiyo ni sawa na kulinganisha watu wawili kwa kuvipima viatu vyao. Yeye aliivunja kila bei vipande vipande: mifuko mingapi ya saruji, tani ngapi za nondo, siku ngapi za fundi, na kitu gani kilikuja kwa meli. Saruji iko karibu kila mahali. Siku ya fundi hubadilika mno: huku kwetu ni rahisi, kule ni ghali. Kilichokuja kwa meli ndicho kinachowaumiza maskini, kwa sababu hakijui kuwa kimefika kwa maskini. Ukishavunja hivyo, unaanza kuona kwamba mtambo wa mashine ulio rahisi kwa tajiri unaweza kuwa ghali kwetu, na mabwawa ya udongo yanayomshinda tajiri kwa sababu ya bei ya ardhi yanaweza kutufaa sisi.

Mabwawa ndiyo aliyoyapenda. Majitaka huingia katika bwawa kubwa, hukaa siku nyingi, jua na vijidudu hufanya kazi, hupita bwawa la pili na la tatu, hutoka yakiwa safi. Hakuna mota, hakuna umeme. Jua la Kasese, alisema, ni mfanyakazi asiyedai posho.

Lakini mapenzi hayo yalikuwa na kidonda, na bila kukijua kidonda hicho huwezi kuelewa yaliyotokea Bwera.

Zamani, kabla sijamfahamu, aliandaa jedwali la kulinganisha bei kwa ajili ya mji mmoja ambao sitautaja. Alilinganisha kwa ujazo, yaani bei ya mtambo ikigawanywa kwa wingi wa maji unaoweza kuyapokea kwa siku. Kwa hesabu hiyo mtambo wa mashine kutoka nchi ya baridi ulishinda kwa mbali. Ukanunuliwa. Ulifanya kazi vizuri mpaka kifaa kimoja cha mota kilipokufa, kingine kikaagizwa, kikachelewa, na bili ya umeme ikawa imekwisha kuushinda mji. Wahudumu wakafungua lango la pembeni, majitaka yakaenda mtoni kama yalivyo. Alikwenda kuona. Ng'ambo ya mto alimkuta mama anaosha majani ya muhogo kwa maji yale yale.

Kila mwaka hurudi kwenye mji ule. Haendi kukagua, maana hakuna cha kukagua. Anasimama kwenye uzio kwa muda, kisha anapanda basi anarudi. Yeye aliyekuwa akitukanya tusiililie kazi iliyokwisha.

Basi Bwera. Mji ule wa mpakani umejaa watu kuliko mabomba yake. Kuna wenyeji, kuna askari na familia zao, kuna wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo na wengine waliovuka wasirudi. Kamati ikaundwa kuchagua mtambo. Mwenyekiti alikuwa mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande, na wafanyabiashara waliwakilishwa na mama mmoja wa Butembo, huko Kongo, muuza vitenge, Mkatoliki wa kusali kila alfajiri, mwenye sauti ya kuweza kufunga soko. Mkadiriaji aliitwa kutoa jedwali. Mchuuzi wa mashine naye alikuwa amekwisha kupita, ameacha karatasi zinazong'aa zenye bei kwa ujazo.

Kikao cha kwanza nilikuwepo. Afande alisema, "Madamu, ongea. Kwa ufupi." Mkadiriaji akaomba uji. Mpishi akaleta sufuria ya uji mzito wa mtama na jagi la maji. Akamimina uji katika vikombe vitatu, akauliza unawashibisha watu wangapi. Watatu, wakasema. Akaumimina ule ule katika beseni, akaongeza maji mpaka likajaa. Sasa unawashibisha wangapi?

"Ni bale bale batatu," akasema mama wa Butembo. "Umezidisha mayi tu."

Hapo akaeleza. Katika nchi zile mtu anaoga kwa maji mengi, anavuta choo kwa maji mengi, majitaka yake ni uji uliotiwa maji. Wanajenga beseni kubwa, kisha wanasema bei kwa kila lita ni ndogo. Majitaka ya Bwera ni uji mzito. Mkinunua beseni lao kwa bei ya lita, mtaona mmenunua rahisi, kumbe uchafu wa watu wenu hautashughulikiwa hata nusu. Linganisheni kwa watu, alisema, msilinganishe kwa maji. Nikamwona Afande anachukua karatasi zinazong'aa na kuzigeuza kifudifudi.

Jedwali lake lilisema mabwawa. Yalikuwa rahisi kuliko mashine kwa kila namna. Kamati ikakubali kwa mdomo, ikabaki kutia saini katika kikao kijacho. Tukatoka nje, akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu ule mji mwingine atalala.

Wiki mbili baadaye tulipanda kwenye eneo lililopendekezwa, mteremko unaotazama upande wa Karambi, kuchukua udongo wa kupima. Ni mahali pa kahawa na migomba, mahali ambapo unatembea mguu mmoja ukiwa juu kuliko mwingine. Mwenye shamba alikuwa mjane mmoja, mwanamke mkimya. Alitusalimu, "Wasibire," akatuletea viti viwili, akatuacha tuchimbe. Tulipomaliza akamwomba Mkadiriaji amfuate. Nyuma ya migomba kulikuwa na makaburi, sikuyahesabu, mengine yamekwisha kuwa sawa na ardhi na kujulikana tu kwa mimea iliyopandwa juu yake. Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hii, watu huzikwa nyumbani, kati ya migomba yao, na shamba halitenganishwi na waliolala ndani yake.

"Madamu," akasema yule mjane, "hawa watu yangu mutaweka wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza mizigo itapakiwa gari gani.

Mkadiriaji alitoa jedwali mfukoni akalifungua palepale. Katika safu ya mabwawa, penye neno ardhi, alikuwa ameandika neno moja: ipo. Lilikuwa limetoka kwenye majedwali ya nchi nyingine, ambako mabwawa yalichimbwa katika ardhi ya serikali, tambarare, kavu, isiyo na mtu. Na lilikuwa limemponyoka kwa sababu yeye ni mtu wa Kasese ya chini, ambako ukitazama kuelekea ziwani unaona uwanda mtupu mpaka macho yachoke. Mwanamke aliyeuliza "Wapi?" kwa kila bei ya dunia hakuliuliza neno lile.

Alikaa kwenye mzizi wa mti akaanza kuhesabu upya. Mteremko ule ungehitaji kukatwa ngazi ngazi na kuta za mawe, na mabwawa hayapendi mteremko. Mikahawa ingelipwa. Familia saba zingehama. Na makaburi yangehamishwa kwa taratibu zao, kama ukoo ungekubali, na kama usingekubali hakuna tarakimu ya kuandika. Jua lilipoanza kuinama alikuwa amemaliza. Mabwawa yalikuwa ghali kuliko mashine.

Tuliposhuka nilimwambia jambo ambalo nalijutia. Nilimwambia hakuna aliyeliona kosa hilo, wala mchuuzi hakuliona. Kamati ikitia saini, Bwera haitapata mashine ya kufa. Ardhi itatafutwa baadaye, serikali itajua la kufanya. Hakunikemea. Alisema tu kwamba huo mji mwingine pia ulipewa jedwali na mtu mwenye nia njema.

Kwa hiyo kikao cha pili alisimama kabla ya Afande kufungua faili. Alisema jedwali lake lina kosa, kosa ni lake, na akaeleza neno lile moja na shamba lile. Hakulaumu mtu. Afande aliuliza swali ambalo sote tulilijua.

"Kwa hiyo mashine ndiyo iko rahisi?"

"Kujenga, ndiyo," akasema.

Nilitazama sakafu. Nilikuwa naona bomba, lango la pembeni, mto wa Lhubiriha na akina mama wake wa pande zote mbili za mpaka. Na nilijua yeye anayaona waziwazi kuliko mimi.

Mama wa Butembo akamgeukia. "Mama enjeniya, wewe ungenunua hiyo mashini?"

Akajibu kwamba alikwisha kuinunua. Ndipo akawasimulia ule mji mwingine, kuanzia jedwali mpaka majani ya muhogo, polepole, bila kujitetea. Miaka tisa ofisini kwake sikuwahi kumsikia akiitaja habari hiyo mbele ya wageni. Sisi wenyewe tuliipata kwa wahudumu wa mtambo ule.

Afande akasema, "Wewe ungenyamaza, sisi tungesaini."

"Ndiyo, Afande."

"Sasa kama unasema hiyo mashine itakufa, mimi nitaamini. Mtu anajipiga risasi kwa mguu yake, huyo hawezi kudanganya mimi juu ya mguu ya mwingine." Akafunga faili. "Hakuna mabwawa. Hakuna mashine. Tafuta kitu ingine. Iko na mwezi moja."

Mwezi ule sijawahi kuona mtu wa umri wake akifanya kazi vile. Alirudi kwenye chumba cha zabuni, lakini sasa alitafuta kitu kimoja tu: miji ya milimani, isiyo na tambarare, isiyo na fedha. Aliikuta katika nyaraka kuukuu kuliko zote, za mitambo iliyojengwa kabla umeme haujawa rahisi. Ni chujio la mawe. Unajenga tangi la duara, unalijaza mawe ya ukubwa wa ngumi, na juu yake unaweka mikono mirefu ya chuma yenye matundu. Majitaka yakishatuama katika tangi la juu na kuacha mashapo yake hushuka kwa uzito wake yenyewe, huingia katika mikono hiyo, na yanapofoka kwenye matundu huisukuma mikono izunguke. Maji huchuruzika juu ya mawe, mawe huota utando wa vijidudu, utando hula uchafu. Chini kuna tangi la pili la kutuamisha, kisha mto.

Chujio linahitaji kitu kimoja ambacho nchi tambarare hulazimika kukinunua kwa pampu, nacho ni mteremko. Ule mteremko uliomshinda kwenye mabwawa. Na mawe? Mtu yeyote aliyeona mafuriko yakishuka kutoka milimani kwetu anajua hatujawahi kupungukiwa mawe. Eneo lake ni dogo, linaingia kando ya barabara chini ya mashamba, kwenye kipande kisicho na kaburi. Alikwenda kuuliza nyumba kwa nyumba kabla ya kuandika.

Katika jedwali la tatu aliandika wazi kwamba kulijenga ni ghali kidogo kuliko mashine. Kamati ilisoma mstari huo. Ilitia saini.

Nilimwona mara ya mwisho mwezi uliopita. Amestaafu sasa, magoti hayampi nafasi, na siku hizi wanafunzi wangu ndio wanaomfuata Rukoki. Nilikuwa nimepeleka darasa Bwera kuona mtambo, nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ukuta wa chujio, na yule mjane amekaa kando yake anachambua maharagwe. Kumbe huja mara kwa mara. Mjane ndiye humletea kiti.

Nilimuuliza mjane kama harufu inafika nyumbani kwake. Akasema jioni upepo ukigeuka, kidogo, na kwamba Madamu alimwambia mapema itakuwa hivyo. Hapo Mkadiriaji alikuwa ameshika leso yake puani, na mjane alikuwa anamcheka.

Wanafunzi walipanda ngazi wakatazama. Mikono ya chuma ilikuwa inazunguka taratibu, maji yakichuruzika juu ya mawe yaliyoanza kuwa meusi. Mmoja wao, binti wa Maliba asiyekosa swali, aliangalia huku na huku, akauliza swichi iko wapi.

Mhudumu akamwambia hakuna swichi. Na hata ingekuwepo, akasema, Bwera nzima haina umeme tangu juzi.

Mkadiriaji hakugeuka. Alikuwa anautazama mkono mmoja wa chuma juu ya ukuta, ukimpita, ukienda, ukirudi.